Siku ya Tatu Mpe Babu Jembe

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza na wastaafu na wale wanaokaa nao. Hatutazungumzia mafao. Tutazungumzia siku zao saba za juma, na safari ambayo wengi wao huifanya wakati wa kipupwe kwenda kuwaona watoto na wajukuu wanaoishi nyanda za juu zenye baridi.

Katika nchi yetu mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wengi hustaafu kwa lazima wanapotimiza miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka hiyo 60. Basi siku ile mtu anapokabidhi funguo za ofisi ndiyo siku anayoanza kuitwa mzee. Kwa miaka 30 au zaidi kengele na zamu zilimpangia saa ya kuamka, njia ya kupita na watu wa kuzungumza nao. Kesho yake hakuna kengele.

Kwa majuma machache jambo hilo ni raha kweli. Baadaye mwili huanza kulalamika. Usingizi wa usiku unapotea kwa sababu mchana kutwa amesinzia kitini. Miguu inakakamaa. Hamu ya chakula inapungua, hasira inakuwa karibu, na majina ya watu yanaanza kumtoka. Jamaa wakimtazama husema, "Ndio uzee huo." Mara nyingi si uzee peke yake. Ni kukaa bure, na kukaa bure kuna dawa.

Juma la Mwalimu

Ili tuelewane vizuri, tuchukue mfano. Tumfikirie mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye miaka 68, anayeishi Morogoro. Mke wake alikwisha kufariki, na anakaa na mjukuu mmoja anayesoma sekondari. Ana shinikizo la damu na anameza vidonge kila siku. Wazee wa namna hii wamo katika kila parokia. Mwalimu wetu amelipanga juma lake hivi.

Jumatatu yuko bustanini. Ana matuta machache ya mchicha, matembele na nyanya chungu. Anachuchumaa, anasimama, anabeba ndoo ndogo ya maji. Kuchuchumaa na kusimama huko kunaimarisha mapaja na magoti, na mapaja yenye nguvu ndiyo yanayomwezesha mzee kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Anavaa buti, kwa sababu jeraha dogo la msumari au la mti linaweza kuingiza pepopunda.

Jumanne mchana ni zamu ya bao chini ya mwembe. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji lazima ahesabu kichwani kete zitakapoishia kabla hajazishika. Hiyo ni hesabu, kumbukumbu na ujanja kwa pamoja. Zaidi ya hayo kuna utani, na mzee anayetaniwa kila juma hajasahauliwa. Kasoro ya bao ni moja tu: wachezaji hukaa mno. Mwalimu anaposhindwa huinuka, akatembea hadi barabarani na kurudi, huku mwenzake akichukua nafasi yake.

Jumatano jioni ni mazoezi ya kwaya. Anaimba besi. Kuimba kunataka pumzi ndefu, kusimama wima na kukariri maneno mapya. Aliyezoea kuimba hugundua mapema pumzi yake ikianza kuwa fupi, na hiyo ni dalili ya kumwambia mganga.

Alhamisi ni siku ya ufundi. Anatengeneza vigoda na kukaza viti vya majirani vilivyolegea. Vidole vinavyoshika msumari na kupima ubao havikakamai upesi. Alhamisi moja ya kila mwezi anaacha nyundo na kwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu na kuchukua dawa. Ameiandika siku hiyo kwenye kalenda ukutani, mahali ambapo mjukuu naye anaiona.

Ijumaa alasiri watoto wa mtaani wanakuja barazani kufundishwa hesabu. Halipwi fedha. Analipwa kwa kuitwa Mwalimu.

Jumamosi anakwenda kwenye jumuiya ndogo ndogo, kisha anatembea kwenda kumwona mgonjwa mmoja. Jumapili anakwenda misa kwa miguu, anakula chakula cha mchana na jirani, na jioni anapumzika. Kupumzika kwake kuna ladha kwa sababu kuna kazi iliyotangulia.

Ukilitazama juma hili utaona kwamba Mwalimu hatumii fedha nyingi. Hata hivyo anapata mambo matatu ambayo waganga huwashauri wazee: mwendo wa mwili, kazi ya akili na watu wa kuzungumza nao. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, pamoja na wenye miaka 65 na kuendelea, wafanye mazoezi ya wastani kwa jumla ya dakika 150 hadi 300 kila juma. Wazee wanashauriwa pia mazoezi ya nguvu na ya kuufanya mwili usiyumbe, siku 3 au zaidi katika juma, ili wasianguke. Kutembea kwa haraka kidogo nusu saa kwa siku 5 kunatimiza dakika 150. Bustani na njia ya kanisani huenda zikamaliza hesabu hiyo bila mzee kujua kwamba amefanya mazoezi.

Juu ya akili, mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la The Lancet la Uingereza lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kusahau uzeeni, na ambayo yanaweza kupunguzwa. Miongoni mwake ni kutengwa na watu, kutofanya mazoezi, shinikizo la damu, kutosikia vizuri, na kutoona vizuri bila kupata tiba. Basi mzee anayeacha bao kwa sababu haoni kete, au anayeacha kwaya kwa sababu hasikii kinanda, asiachwe hivyo. Apelekwe akapimwe macho na masikio. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo, na nta iliyoziba sikio huondolewa zahanati.

Tunao pia mfano mkubwa. Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Alirudi Butiama akalima, akacheza bao, na akaandika. Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapa tenzi zake za Enjili nne na Matendo ya Mitume. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Hakuna anayedai kwamba kila mstaafu atunge tenzi. Lakini kila mstaafu anaweza kuwa na jambo linalomngoja kesho asubuhi.

Wanawake wastaafu nao wasisahauliwe. Bibi wengi wana kazi nyingi mno badala ya chache: wanalea wajukuu, wanapika, wanachota maji. Kwao ushauri unageuka. Wapewe saa ya kushona, ya kusuka ukili, ya kwenda kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, au ya kukaa tu na wenzao bila mtoto mgongoni.

Simu kutoka Njombe

Sasa tuje kwenye safari. Ni mwezi wa Juni, shule zinafungwa, na binti yake Mwalimu aliyeolewa Njombe anapiga simu. "Baba, njoo ukae nasi mwezi mmoja. Wajukuu wako wanakuuliza kila siku." Ni mwaliko wa upendo, na Mwalimu anafurahi. Kwenda aende. Lakini ajue kwamba anatoka kwenye mji wenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, anapanda hadi karibu mita 2,000. Juni, Julai na Agosti baridi ya huko huuma. Katika sehemu za Makete na uwanda wa Kitulo kuna asubuhi ambazo majani hufunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda.

Baridi humfanya nini mzee? Kwanza, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hujibana ili joto lisipotee. Mishipa ikijibana, shinikizo la damu hupanda na moyo hufanya kazi zaidi. Ndiyo sababu maradhi ya moyo na kiharusi huongezeka wakati wa baridi. Pili, mwili wa mzee hautetemeki upesi kama wa kijana, na pengine hahisi baridi mapema. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 anaanza kuwa mzito wa kusema, mwenye usingizi na aliyechanganyikiwa, na watu wanaweza kudhani amelewa au amechoka na safari. Tatu, baridi huamsha maumivu ya viungo, na hapo mzee hukimbilia vidonge vya dukani. Ajihadhari. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo na tumbo, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa. Amwulize mganga kwanza.

Kabla ya kupanda basi

Mwalimu aende kliniki juma moja kabla ya safari. Aeleze anakwenda wapi na kwa siku ngapi, aombe dawa za kutosha siku zote za ziara na siku 10 za ziada, maana ziara za kwa watoto huwa na tabia ya kurefuka. Majina ya dawa na vipimo vyake yaandikwe kwenye karatasi iwekwe pamoja na cheti cha kliniki na kadi ya bima. Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi linalowekwa chini ya basi.

Kutoka Morogoro hadi Njombe ni zaidi ya kilomita 500. Hapa wazee wengi hufanya jambo la hatari bila kumwambia mtu. Wanajua basi halisimami ovyo kuchimba dawa, na wanaona haya kumwomba kondakta. Kwa hiyo siku ya safari hawanywi maji, na wale wanaotumia kidonge cha kupunguza maji mwilini, kile kinachomfanya mtu akojoe mara kwa mara, wanakiacha. Wengine huacha vidonge vyote. Wanafika usiku wakiwa na kizunguzungu, shinikizo limepanda, nao wanasema ni uchovu. Dawa ya kuzuia haya ni kumwuliza mganga mapema kidonge hicho kimezwe saa ngapi siku ya safari. Maji yanywewe kidogo kidogo njiani. Na kijana anayemsindikiza azungumze na kondakta kabla basi halijaondoka. Makondakta wengi ni watoto wa watu, na mzee akiombewa husikilizwa.

Kukaa kitini zaidi ya saa 4 bila kunyoosha miguu huweza kufanya damu igande katika mishipa ya miguu. Akiwa kitini apandishe na kushusha visigino, na basi likisimama ashuke atembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au kifua kikibana na pumzi kukata, asingoje kesho, apelekwe hospitali.

Nguo ziwe nyingi nyepesi badala ya moja nzito: fulana ya ndani, shati, sweta, na koti juu. Kofia ya sufu na soksi asizisahau. Awe amevaa kabla ya kufika Makambako, asingoje kutetemeka.

Jiko la mkaa chumbani

Hapa tunaomba kila mtu nyumbani asome, hata kijana ambaye hajali habari za wazee.

Mgeni amefika. Chumba chake kina baridi. Kwa mapenzi mema kabisa, mwenye nyumba anawasha jiko la mkaa, anasubiri moshi uishe, analiingiza chumbani kwa babu na kufunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Kila mwaka wakati wa baridi tunasikia habari za watu walioingia kulala namna hii na asubuhi hawakuamka. Wakati mwingine ni babu na mjukuu aliyelala naye.

Kinachoua si moshi. Mkaa unaowaka vizuri, usio na moshi wala harufu, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ikiingia mapafuni hushika chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba hewa ambayo ubongo na moyo vinaihitaji. Aliye macho husikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Aliyelala hasikii kitu. Usingizi wake unazidi kuwa mzito.

Kwa hiyo kanuni ni moja: jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu, hata usiku mmoja, hata likionekana linazimika. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Mkitaka kupasha chumba joto, fanyeni hivyo jioni, mlango na dirisha vikiwa wazi na watu wakiwa macho, kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala. Babu alale na soksi, kofia na mablanketi mawili, na kabla ya kulala anywe uji wa moto.

Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni milango, mtoeni nje mara moja kwenye hewa safi, na mpelekeni hospitali yenye oksijeni. Anayeingia kumtoa asikae humo ndani. Kumnywesha maziwa hakusaidii, na aliyezimia akinyweshwa kitu chochote anaweza kupaliwa na kufa. Hata aliyepata fahamu apelekwe, kwa sababu madhara ya ubongo na moyo huweza kujitokeza baadaye.

Mambo mengine ya usiku

Choo kikiwa nje, mzee asitoke gizani kwenye umande peke yake. Wekeni ndoo yenye mfuniko chumbani na tochi karibu na mto. Akiamka akae kwanza kitandani kwa dakika moja, ndipo asimame, kwa sababu dawa za shinikizo huweza kumpa kizunguzungu anaposimama ghafla. Wengi wanaovunjika nyonga huvunjika kwa anguko dogo la namna hii.

Mwenye kisukari asiote moto kwa karibu wala kuweka chupa ya maji ya moto miguuni. Miguu yake huenda imekufa ganzi, na anaweza kuungua bila kusikia. Nyumba inajua tu asubuhi, soksi inapogandamana na ngozi.

Pombe nayo haileti joto. Komoni au gongo humfanya mtu asikie uso kuwaka kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko inakopoteza joto la mwili. Baada ya saa moja mnywaji ana baridi kuliko alivyokuwa.

Juu ya mafua, tukumbuke kwamba hayaletwi na baridi yenyewe bali na virusi. Baridi huwafanya watu wajifungie chumba kimoja, na hapo virusi hupata njia. Mjukuu mwenye mafua afundishwe kukohoa kwenye kiwiko na kunawa mikono, na madirisha yafunguliwe mchana. Mzee akipata nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, pengine hatakuwa na homa kali. Dalili zake huweza kuwa kupumua haraka, kukataa chakula na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mkiona hivyo msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu

Tuseme haya yote yamezingatiwa. Mwalimu ana joto, ana dawa, hana mafua. Bado kuna hatari moja, nayo inaletwa na heshima yenyewe.

Asubuhi anatolewa kiti karibu na moto. Analetewa chai, halafu viazi, halafu chai tena. Akishika ufagio anapokonywa. Akitaka kwenda dukani anatumwa mtoto. "Baba, acha hiyo, wewe umekuja kupumzika." Juma la kwanza anacheka. Juma la pili anasinzia mchana na kukesha usiku. Juma la tatu anashika ukuta anapoinuka. Mwishoni mwa mwezi binti anampigia ndugu yake simu na kusema, "Baba amezeeka ghafla."

Hakuzeeka ghafla. Amenyang'anywa juma lake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wazee wenye afya njema, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Kwa siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama za miguu. Kiti cha karibu na moto si kitanda, lakini mwezi una siku 30. Na nguvu ambayo kijana anairudisha kwa juma moja, mzee anaihangaikia kwa miezi.

Wahenga walilijua jambo hili kabla ya watafiti. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunautumia usemi huu kumkumbusha mgeni asituchoshe. Kwa mzee unatufaa kwa maana nyingine: jembe ni dawa yake. Siku mbili za kwanza apumzishe safari. Siku ya tatu apewe kazi, na kazi hiyo iwe ya kweli, sio ya kumpumbaza kama mtoto. Mzee anaijua tofauti.

Jua la Njombe likishapanda, kama saa nne asubuhi, atembee na wajukuu hadi sokoni na kurudi. Siku za mwanzo apande vilima polepole, kwa sababu mwili unahitaji siku chache kuzoea kimo. Apewe mahindi ya kupukuchua au njegere za kumenya, vidole vifanye kazi. Viti vilivyolegea vimngojee, fundi amekuja. Wajukuu wachimbe mashimo ya bao uani, watafute kokoto 64, wafundishwe. Jioni awasimulie habari za ukoo, na mmoja mwenye mwandiko mzuri aziandike kwenye daftari, kwa kuwa majina ya mababu yasipoandikwa hupotea. Mkwe wake ampeleke Jumatano kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia yao. Besi anayejua noti hakataliwi popote.

Binti naye amwulize badala ya kumwamulia. "Baba, leo ungependa kufanya nini?" ni swali la heshima kuliko kumpokonya ufagio. Na Mwalimu akiona anazuiwa, aseme kwa upole, "Mwanangu, nimekuja kuwaona, sikuja kulala."

Kipupwe kina pia siku yake. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna ya tarehe 26. Ziara ikiangukia siku hiyo, familia itembee kwenda misa pamoja na babu, kwa mwendo wake. Kisha mchana aachwe achague yeye kazi au mchezo wa siku hiyo.

Kwa ufupi

1. Mstaafu awe na jambo la kufanya kila siku ya juma, liandikwe kwenye kalenda.

2. Kabla ya safari apimwe, achukue dawa za siku zote na za ziada, na asiache dawa wala maji kwa kuogopa choo cha njiani.

3. Nguo za joto zivaliwe kabla ya baridi kuanza, kichwani na miguuni pia.

4. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu yeyote.

5. Mzee akipumua haraka, akichanganyikiwa, akipooza upande mmoja, au mdomo ukienda upande, apelekwe hospitali mara moja.

6. Siku ya tatu apewe kazi.

Na huko Morogoro, mjukuu aliyebaki amwagilie mchicha. Babu akirudi aikute Jumatatu yake inamngoja, na Alhamisi inayofuata aende zahanati akapimwe.